Shule ya kutwa ya Kiyahudi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu walimu, tuzo zao na maisha ya jumuiya

Ninafundisha hisabati katika shule ya kutwa ya Kiyahudi nchini Marekani. Mimi si Myahudi. Nilisomea ualimu Tanzania na kufundisha huko kabla ya kuhamia huku, na tangu walimu wenzangu wajue nilipo, maswali hayajakoma: kwenye simu, kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwenye harusi za Watanzania wa huku. Mengi ni yale yale, hivyo nimeyakusanya na kuyajibu kwa utulivu. Jina la shule yangu silitaji, wala la mwenzangu yeyote, hawakuomba kuandikwa. Ninaowataja kwa majina ni wale ambao historia imekwisha kuwaandika.

Shule ya kutwa ya Kiyahudi ni ya namna gani hasa?

Ni shule kamili, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia chekechea hadi sekondari au baadhi ya ngazi hizo. Ndani ya siku moja mtoto anasoma hisabati, sayansi, Kiingereza na historia, na siku hiyo hiyo anasoma Kiebrania, Torati, Manabii, Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi), na akipanda madarasa, Talmudi (mijadala ya wanazuoni juu ya Mishna). Jioni anarudi kwao. Usiichanganye na madarasa ya Jumapili yanayoendeshwa na masinagogi kwa watoto wanaosoma shule za serikali. Hayo ni ya saa chache tu kwa wiki.

Mitaala miwili kwa mtoto mmoja ni mzigo, na sitaki kuupamba. Siku inaanza na sala ya asubuhi, vipindi vinabanana, na mwanafunzi anayeingia kwangu saa nane mchana ametoka kupambana na ukurasa wa Talmudi wa Kiaramu usio na irabu wala alama za kituo. Amechoka. Lakini anaingia na tabia moja inayonifaa mno: hapokei jibu bila sababu. Nikiandika kanuni ubaoni, mkono unanyooshwa kabla sijageuka, na swali ni lile lile, imetoka wapi hiyo?

Ziko nyingi? Ziko wapi?

Kwa Marekani, hesabu iliyofanywa na wakfu wa Avi Chai katika mwaka wa masomo wa 2018–2019 ilipata shule 906 zenye wanafunzi wapatao 292,000. Wengi wao wako majimbo ya New York na New Jersey, na sehemu kubwa ni watoto wa familia za Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sana sheria za dini. Nje ya Marekani zipo Kanada, Uingereza, Ufaransa, Ajentina, Australia na Afrika Kusini, ambako shule za King David za Johannesburg zilianza mwaka 1948.

Kongwe ninayopenda kuisimulia ni JFS (Jews' Free School) ya London. Mizizi yake ni ya mwaka 1732. Kufikia mwaka 1900 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini kutoka Ulaya Mashariki waliofika bila neno la Kiingereza. Mwalimu mkuu wake wa karne ya 19, Moses Angel, aliiongoza kwa zaidi ya nusu karne. Hebu fikiria shughuli ya kusimamia watoto 4,000 wanaozungumza Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki) nyumbani, katika mtaa wa mafundi cherehani, na kuwatoa wakiwa wanasoma na kuandika Kiingereza. Kama tuzo za walimu zingekuwepo zama zile, sijui nani angemshinda.

Ni lazima mwalimu awe Myahudi?

Kwa masomo ya dini, ndiyo. Kwa hisabati, fizikia, muziki, michezo, katika shule nyingi hapana. Kuna wenzangu Wakristo, Waislamu, na wasio na dini. Unachotakiwa ni kuheshimu kalenda, chakula na taratibu, na hutasukumwa usali. Wakati wa sala ya asubuhi mimi huwa nasahihisha madaftari.

Kuhusu cheti: majimbo mengi ya Marekani hayazilazimishi shule binafsi kuajiri walimu wenye leseni ya jimbo, ingawa shule zenyewe huwa zinakagua sana elimu na uzoefu wako. Suala la viza ni jingine, na linategemea shule iko tayari kukudhamini au la. Uliza hilo mapema kabla hujafurahia usaili.

Kwa nini mwalimu anaheshimiwa hivyo kwao? Ni utajiri tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni hapana. Fedha zinasaidia, lakini heshima hii ilikuwepo walipokuwa hawana kitu.

Talmudi inasimulia kwamba zamani mtoto alifundishwa na babaye, na asiye na baba hakufundishwa. Kisha kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, katika karne ya kwanza, akaagiza kila wilaya na kila mji uwe na walimu wa watoto, na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Talmudi inasema ukumbukwe wema wa mtu huyo, kwa kuwa bila yeye Torati ingesahauliwa katika Israeli. Mwenye sifa hiyo ni mtu aliyepanga walimu tu. Hakushinda vita wala hakujenga jumba.

Mahali hapo hapo mwanazuoni Rava, aliyeishi Babeli karne ya nne, anatoa hesabu: mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakifika 40, mji umlipie msaidizi. Wakifika 50, wawekwe walimu wawili. Nilipoonyeshwa maneno hayo kwa mara ya kwanza niliomba nisomewe tena. Nimewahi kufundisha darasa ambalo watoto walibanana wanne kwenye dawati moja na wengine wakakaa chini, na hapa nasoma kwamba karne 16 zilizopita kuna watu waliokaa wakajadili uwiano wa mwalimu na wanafunzi kama jambo la sheria ya dini, tena wakaandika nani alipe.

Zipo habari nyingine za namna hiyo. Mishna inasema ukikuta kitu kilichopotea cha baba yako na kingine cha mwalimu wako, cha mwalimu kinatangulia, kwa sababu baba alikuleta katika ulimwengu huu na mwalimu anakupeleka katika ulimwengu ujao (baba akiwa naye ni msomi, cha baba kinatangulia). Talmudi inakataza watoto wa shule kukatishwa masomo hata kwa ajili ya kujenga Hekalu. Na Talmudi ya Yerusalemu ina kisa cha marabi waliotumwa kuzunguka miji kuangalia kama kuna walimu. Wakafika mahali wasikute hata mmoja, wakasema, tuleteeni walinzi wa mji. Wakaletewa askari. Wakasema hawa si walinzi wa mji. Wakaulizwa, walinzi ni nani basi? Wakajibu: wanaofundisha Maandiko na Mishna.

Wanafunzi wangu wanavijua visa hivi kabla hawajajua kuzidisha sehemu. Mtoto aliyelelewa juu ya kisa kama hicho, mwalimu anapoingia darasani, huyo kwake ndiye mlinzi wa mji. Anaweza kubishana naye, na kweli wanabishana sana. Kumdharau ndilo jambo ambalo wenzake hawamvumilii nalo.

Kuna tuzo gani za walimu?

Inayotajwa zaidi ni ile ya wakfu wa Covenant Foundation wa New York. Imetolewa tangu mwaka 1991 kwa waelimishaji watatu kila mwaka, wa shule za kutwa na wa sehemu nyingine za elimu ya Kiyahudi. Kila mmoja hupata dola 36,000, na taasisi anayofanyia kazi hupata 5,000. (Wayahudi hupenda kutoa kwa mafungu ya 18, nambari ambayo kwao ni ishara ya uhai, ukigawanya 36,000 utaona.) Hao hao wana tuzo nyingine, ya Komamanga, kwa walimu walio bado wachanga katika kazi. Hiyo naiona ya busara sana. Mwalimu wa miaka minne ndiye aliye hatarini kuacha kazi. Wa miaka 30 haendi popote.

Los Angeles wana desturi yao. Tangu mwaka 1990 wakfu wa familia ya Milken, kwa kushirikiana na shirika la BJE linalosimamia elimu ya Kiyahudi mjini humo, umekuwa ukiwatuza walimu wa shule za kutwa. Wanakwenda shuleni kwa mshtukizo. Shule nzima inaitwa ukumbini kwa kisingizio cha jambo jingine, wageni wanaingia, jina linatajwa mbele ya watoto wote, na mwalimu mwenyewe anakuwa wa mwisho kujua. Nadhani waliobuni utaratibu huo walielewa kwamba fedha mwalimu angeweza kutumiwa benki. Kelele za watoto 500 wakitaja jina lake haziwezi kutumwa.

Kisha kuna heshima za shule zenyewe, ambazo kwa maoni yangu zina uzito zaidi. Shule nyingi hufanya karamu ya mwaka ambayo mgeni wa heshima ni mwalimu wa siku nyingi. Kunachapishwa kitabu cha karamu, na familia, maduka na wanafunzi wa zamani hununua kurasa za kumpongeza: ukurasa mzima bei hii, nusu bei hii, mstari mmoja bei hii. Fedha zinakwenda kwenye mfuko wa kusaidia watoto wasiomudu karo. Kwa hiyo jina la mwalimu linasomesha watoto. Katika karamu ya mwenzangu mmoja wa chekechea nilikipitia kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Wakili mmoja alikuwa amenunua robo ukurasa na kuandika mstari mmoja tu: alinifunga kamba za viatu kila siku mwaka mzima, hakuwahi kuniharakisha.

Wanatumia kipimo gani? Ufaulu wa mitihani?

Sivyo. Nyumbani tulizoea orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kuzitangaza miaka ya karibuni, na mwalimu mzuri alikuwa yule mwenye alama A nyingi. Huku hakuna mtihani wa darasa la saba wa taifa unaozipanga shule. Mwalimu anapendekezwa na watu wanaomjua, na wanaombwa waandike barua: wakuu wa shule, walimu wenzake, wazazi, wanafunzi wake wa zamani. Barua hizo zinatakiwa zieleze jambo alilolifanya, zikiwa na mifano.

Nimewahi kuombwa kuandika barua ya namna hiyo na ilinichukua jioni kadhaa. Ni rahisi kuandika kwamba fulani ni mchapakazi. Kuandika ni nini hasa alichobadilisha darasani, mpaka msomaji asiyemjua amwone, hiyo ni kazi. Nililazimika kwenda kukaa nyuma ya darasa lake kumtazama akifundisha, na nikajifunza namna yake ya kuuliza swali kisha kunyamaza muda mrefu kuliko nilivyothubutu mimi. Sasa nanyamaza vile vile.

Mwalimu mpya anasaidiwaje?

Kuna mradi wa kuwalea walimu wapya wa shule za Kiyahudi ulioanza mwaka 2003. Mwalimu mzoefu anafunzwa namna ya kulea, kisha anapewa mwalimu mpya wa kukutana naye kila wiki kwa miaka miwili. Mlezi hakagui wala haandiki ripoti kwa mkuu wa shule, na hapo ndipo siri ya mpango ule ilipo. Chuo Kikuu cha Brandeis na Hebrew Union College nao walianzisha mwaka 2002 mafunzo maalumu ya ualimu wa shule za kutwa, ambayo mwanafunzi alikuwa anakaa darasani na mwalimu mwenyeji muda mrefu kabla ya kuachiwa chaki.

Maisha ya jumuiya yakoje wiki hadi wiki?

Wiki nzima inaelekea Ijumaa. Watoto wa chekechea wanasuka mikate ya Sabato kwa unga halisi, wanapeleka nyumbani ikiwa bado ya moto. Sarafu zinatumbukizwa kwenye kisanduku cha sadaka, na darasa zima linapiga kura fedha ziende wapi. Ijumaa za kipupwe shule inafunga mapema, kwa kuwa Desemba katika mji kama New York mishumaa ya Sabato inawashwa yapata saa kumi na dakika kumi alasiri. Baada ya hapo usimtumie mwenzako wa Kiorthodoksi ujumbe ukitegemea jibu hadi Jumamosi usiku. Mwanzo nilidhani nitaona tabu. Sasa nami Ijumaa yangu nimeiachia familia.

Mwaka nao una mdundo wake. Sikukuu ya Vibanda inajengewa kibanda uwanjani na madarasa yanakula humo kwa zamu, baridi iwepo isiwepo. Sikukuu ya Purimu walimu wanavaa mavazi ya ajabu, na watoto wanapelekeana vifurushi vya chakula. Meza yangu hujaa. Kabla ya Pasaka wanafanya karamu ya mazoezi, na mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali manne.

Lakini ukiniuliza siku moja ya kumleta mgeni, ningesema aje siku ya siduri. Siduri ni kitabu cha sala. Watoto wa darasa la kwanza, wakishajua kusoma Kiebrania, wanapewa kila mmoja cha kwake mbele ya wazazi. Katika shule nyingi jalada lake hushonwa au hupambwa nyumbani, kwa siri, ili mtoto alione siku hiyo. Wanaimba, wanaitwa mmoja mmoja, mwalimu anamkabidhi kwa mikono miwili. Mwaka mmoja nilikaa karibu na jukwaa. Msichana mmoja alikuwa ameshonewa jina lake kwa uzi wa sufu ya buluu, na uzi wa herufi ya mwisho ulikuwa umelegea. Wimbo mzima alikuwa anaurudisha mahali pake kwa kidole, anaimba, anaurudisha. Mama yake mstari wa mbele alikuwa ameshika mdomo. Na mwalimu wao, mwanamke ambaye alikuwa amewafundisha watoto wale herufi moja baada ya nyingine tangu Septemba, alisimama pembeni gizani akitamka maneno yote bila sauti.

Kila nikisikia swali kuhusu mafanikio ya walimu, namfikiria yeye pale pembeni. Darasa zima linasoma. Hakuna cheti kinachoandika hivyo.

Na penye ugonjwa au msiba?

Mtu akijifungua au akilazwa, orodha ya chakula inatengenezwa siku hiyo hiyo: nani apike Jumatatu, nani Jumanne, watoto wachukuliwe shuleni na nani. Kwenye msiba wafiwa wanakaa nyumbani siku saba. Wanakalia viti vifupi, vioo vimefunikwa, na inatakiwa wapatikane watu wazima kumi ili sala isaliwe pale pale nyumbani. Sisi tuliolelewa na matanga hatuhitaji kufundishwa sana. Tofauti ni kwamba ukiingia hutoi pole kwa haraka. Unakaa kimya hadi mfiwa aanze kuzungumza. Mwalimu akifiwa, wanafunzi wake wakubwa huenda, na kabla ya kwenda wanafundishwa darasani namna ya kukaa. Nimewaona vijana wa miaka 15, ambao kwangu hawatulii dakika tano, wakikaa kimya mbele ya mwalimu wao wa historia mpaka alipoanza kuwasimulia kuhusu baba yake.

Naweza kuleta chapati na maharage yangu?

Kwa chakula chako mwenyewe uliza sheria ya shule, maana zinatofautiana. Cha kugawana na wengine hakikubaliki kikipikwa nyumbani kwako. Kinatakiwa kiwe na alama ya kosha ya kiwandani, yaani kimethibitishwa kufuata sheria za Kiyahudi za chakula. Usichukulie vibaya. Nyama na maziwa havikutani hata kwenye vyombo.

Karo ni kiasi gani, na maskini wanafanyaje?

Ni kubwa, na ndiyo kidonda cha mfumo huu Marekani. Shule nyingi zinapita dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na sekondari kadhaa za jiji la New York zinapita 40,000. Familia yenye watoto wanne haiwezi bila kusaidiwa, hata wazazi wote wakiwa na kazi nzuri. Kila shule ina kamati ya msaada inayokagua kipato na kupunguza karo, na ndiyo maana ya zile karamu na vitabu vyake. Uingereza ni nafuu: shule nyingi za Kiyahudi zinagharimiwa na serikali kwa masomo ya kawaida, na wazazi wanaombwa mchango kwa masomo ya dini. Mwalimu huwa anapunguziwa karo ya wanawe, na kwa walimu wengi wa Kiyahudi hilo lina thamani kuliko nyongeza ya mshahara.

Wasichana wanasoma sawa na wavulana?

Inategemea shule. Katika nyingi ndiyo. Katika zile za misimamo mikali wanatenganishwa na mitaala haifanani. Lakini kuna mwalimu mmoja ambaye kila dada anayefundisha angepaswa kumjua, naye ni Sarah Schenirer.

Alizaliwa Kraków, Polandi, mwaka 1883, akawa mshonaji nguo. Aliona kaka na baba wanakwenda kusoma, na wasichana wa familia za kidini wanaachwa. Kilichowapata ni shule za nje zisizowafundisha lolote la kwao. Mwaka 1917 akafungua darasa la wasichana 25, akaliita Bais Yaakov. Hakuwa na shahada wala mfadhili, na elimu ya dini ya wasichana darasani ilikuwa jambo la kutiliwa shaka na wengi, hivyo alitafuta kwanza baraka za wakuu wa dini. Wasichana waliohitimu kwake, wengine wadogo sana, aliwatuma miji mingine wakafungue shule. Alipofariki mwaka 1935 zilikuwepo zaidi ya 200. Vita vya Pili vya Dunia viliua wengi mno wa walimu na wanafunzi wale. Jina la shule zake limebaki, na leo liko kwenye milango ya shule za wasichana Marekani, Israeli na kwingineko.

Huko Boston, Rabi Joseph Soloveitchik alianzisha shule ya Maimonides mwaka 1937, na humo wasichana wakafundishwa Talmudi pamoja na wavulana, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa Waorthodoksi wa wakati ule.

Mtoto wa Kiislamu au Kikristo anaweza kusoma humo?

Marekani ni nadra. Uingereza hutokea, na mfano bora ni shule ya msingi ya King David ya Birmingham. Ni shule ya Kiyahudi ya serikali ambayo wanafunzi wake wengi ni Waislamu, kwa kuwa Wayahudi wa mji ule wamepungua na majirani Waislamu wanaipenda. Watoto wanajifunza Kiebrania, wanakula chakula cha kosha, na wazazi wanasema wanapenda shule inayochukulia dini kwa uzito. Karibu na Glasgow, shule ya Kiyahudi ya Calderwood Lodge tangu mwaka 2017 iko kwenye jengo moja na shule ya msingi ya Kikatoliki ya St Clare's. Kila moja ina madarasa yake, na sehemu nyingine wanatumia pamoja.

Mbona mlangoni kuna walinzi wengi?

Kwa sababu hofu ina msingi. Machi 2012, katika shule ya Kiyahudi ya Toulouse, Ufaransa, mtu mwenye silaha alimuua mwalimu na watoto watatu asubuhi wakati wa kuingia shuleni. Kila mwalimu wa shule hizi anaijua tarehe ile. Tunafanya mazoezi ya dharura, mageti yanafungwa, wazazi wanapokezana zamu. Watoto wadogo huwasalimia walinzi kwa majina na kuwapelekea vifurushi vya Purimu.

Afrika Mashariki je, tunazo?

Tunazo, na ziko karibu kuliko wengi wanavyodhani: kando ya Mbale, mashariki mwa Uganda. Hawa ni Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza na kukosana nao, aliamua kuifuata Torati kama alivyoisoma katika Biblia, akatahiriwa yeye na wafuasi wake. Mwaka 1920 akafika Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na sikukuu. Chochote walichokipata kwake walikigeuza kuwa masomo kwa vijana wao. Mwalimu mmoja mpita njia, miezi michache, na jumuiya ipo zaidi ya karne sasa.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin akaja kuipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa kujificha, na baada ya Amin kuanguka vijana ndio waliofufua. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akapewa daraja hilo mwaka 2008, akarudi kufundisha kwao, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge.

Shule zao ni Hadassah ya msingi na sekondari ya Semei Kakungulu. Zinafundisha mtaala wa Uganda pamoja na Kiebrania na masomo ya Kiyahudi, na wanafunzi wake ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa vijiji vile vile. Ndivyo watu wa kule wanavyoishi: ushirika wao wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004, nao una wakulima wa dini zote tatu. Shule zinategemea sana wafadhili wa nje, na mwalimu wa kule ana changamoto zile zile za mwalimu wa Korogwe au Kitale: vitabu vichache, watoto wengi. Mwalimu wa Mbale anayefundisha hesabu asubuhi na alfabeti ya Kiebrania mchana, kwa watoto wa dini tatu, ningependa sana jina lake lisomwe siku moja New York.

Nimealikwa kwenye sherehe ya shule. Nifanyeje?

Vaa kwa heshima. Mwanamume atapewa kofia ndogo mlangoni. Ivae tu, si kubadili dini. Kwa shule za Kiorthodoksi usimpe mkono mtu wa jinsia nyingine mpaka akunyooshee yeye. Sherehe ikiangukia Sabato, simu na kamera viache nyumbani. Mwalimu akiitwa kupewa tuzo sema mazal tov (hongera) kwa sauti, hawapendi pongezi za kunong'ona. Na kama mwalimu wa mwanao hajawahi kutuzwa, usiondoke kabla hujamuuliza mkuu wa shule mapendekezo ya mwakani yanaanza kupokelewa lini na barua ipelekwe kwa nani.